Kamera ya Staa, Mwanga wa Lamu: Unalipia Nini Hasa?

Kijana akiingia dukani Malindi na kusema anatafuta "kamera ya zamani", muuzaji anaweza kumletea vitu vinne tofauti na vyote vikawa jibu sahihi. Mmoja kaona staa kashika kamera ndogo ya rangi ya fedha, mwingine kaona TikTok picha zenye rangi ya joto na chembechembe, wa tatu anataka picha itoke hapo hapo ikiwa karatasi. Wote wanatumia jina moja, kisha wanashangaa kwamba walichonunua hakitoi walichokiona.

Basi tuanze kwa kuyatenganisha majina.

Kamera ya filamu ni ile inayotumia mkanda. Mkanda huja ndani ya kikopo kidogo cha bati. Ni ukanda wa plastiki wenye upana wa milimita 35, uliopakwa kemikali zinazohisi mwanga. Kila picha inachukua nafasi ya milimita 24 kwa 36, na mkanda mmoja unatoa picha 24 au 36. Hakuna kadi, wala kioo cha kutazamia ulichopiga. Kamera ya kutupa ni binamu yake maskini: boksi la plastiki lenye mkanda ndani tayari na lenzi isiyorekebishika, na ukimaliza unalipeleka lote likafunguliwe. Fujifilm ilianza kuziuza mwaka 1986. Kamera ya papo hapo, kama Polaroid au Instax, inatema karatasi inayojisafisha yenyewe mbele ya macho yako. Ya nne ni kamera ndogo ya dijitali ya miaka ya 2000, ile iliyozunguka kila harusi kabla simu hazijawa na kamera za maana. Hiyo haina filamu kabisa, na sura ya picha zake inatokana na flashi kali ya mbele na kihisi kidogo cha zamani.

Halafu kuna ya tano, inayopoteza watu kuliko zote. Fujifilm X100V ilitoka mwaka 2020 ikiwa na umbo la kamera ya babu na vitufe vya kuzungusha, ikavuma TikTok hadi ikaadimika madukani. Ni dijitali. Rangi zake za "filamu" zinatengenezwa na programu iliyomo ndani. Ni kamera nzuri sana, lakini aliyeinunua akidhani ameingia kwenye filamu amepanda chombo cha bandari nyingine.

Makala haya yanahusu ile ya kwanza, ya mkanda.

Hina na mkanda

Mfikirie bibi harusi anayepakwa hina. Hina ikishapakwa, mkononi huoni ua lolote la kupendeza, unaona udongo tu. Rangi imeshaanza kuingia lakini bado haijajionyesha. Ikibanduliwa mapema inatoka hafifu, ya chungwa. Ikiachwa muda wake, na mkono ukiwa na joto, inakoza.

Mkanda nao uko hivyo hivyo. Umepakwa chumvi za fedha, fedha hii hii ya vikuku, ndani ya utando mwembamba wa jelatini. Mwanga ukizigusa chembe hizo kwa sehemu ndogo ya sekunde, alama inabaki, ila hakuna jicho linaloweza kuiona. Dawa ya kwanza ya kusafishia inazigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa ya mwisho inaziondoa zile ambazo hazikuguswa, ili mkanda usiendelee kuungua ukitolewa nje. Palipopata mwanga mwingi panakuwa peusi, palipokosa panabaki wazi. Ndiyo maana negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, huwa kinyume: kanzu nyeupe inaonekana nyeusi, na buibui linaonekana jeupe.

Kwenye filamu ya rangi, rangi zinajengwa mahali fedha ilipofanya kazi, kisha fedha yenyewe inaondolewa. Na kama hina, muda na joto ndivyo vinavyoamua. Utaratibu wa kawaida wa filamu ya rangi unataka dawa ya kwanza iwe nyuzi 38 na mkanda ukae humo dakika 3 na sekunde 15. Joto likiyumba hata kwa nyuzi moja, rangi inaanza kuegemea upande.

Namba ya ISO iliyoandikwa kwenye boksi inaeleza mkanda una njaa kiasi gani ya mwanga. Wa 100 unahitaji mwingi, wa 400 unatosheka na robo yake. Ndani ya kamera mwanga unadhibitiwa na vitu viwili: tundu la lenzi linafunguka kwa upana gani, na shata, kile kipazia kinachofunguka na kujifunga ukibonyeza, inakaa wazi kwa muda gani. Hapa wanaoanza hukwama, kwa sababu f/2 ni tundu kubwa na f/16 ni tundu dogo. Hizo ni sehemu, si idadi. Nusu ya mkate wa mofa ni kubwa kuliko robo, ingawa 4 ni kubwa kuliko 2. Ukishalishika hilo, mengine yanakuja yenyewe.

Staa anaongeza nini?

Mwaka 2017 mwanamitindo wa Marekani Kendall Jenner alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon akiwa na kamera yake ya filamu, Contax T2, akaizungumzia mbele ya watazamaji. Kamera hiyo ilitoka mwaka 1990. Mwili wake ni wa titani, lenzi yake ni Zeiss Sonnar ya milimita 38 yenye tundu la f/2.8, inajilenga yenyewe na inaingia mfukoni. Ilikuwa na wapenzi wake tangu zamani, lakini baada ya hapo wanunuzi walimiminika na bei ikapaa. Leo iliyo nzima inauzwa kwa mamia mengi ya dola, na iliyo safi kabisa inapita 1,000.

Haikuwa bora zaidi kesho yake kuliko ilivyokuwa jana yake. Kampuni ya Kyocera ya Japani, iliyokuwa ikizitengeneza kamera za Contax, ilijitoa kwenye biashara hiyo mwaka 2005. Kwa hiyo idadi iliyopo duniani haiongezeki, inapungua kila moja inapokufa. Watu wengi wakitaka kitu kisichozaliwa tena, bei haina pa kwenda ila juu. Wimbi likazivuta na jirani zake: Olympus mju II ya mwaka 1997, iliyokuwa kamera ya plastiki ya familia, na Yashica T4.

Ajabu ni kwamba sura ambayo watu wanaihusisha na mastaa, uso uking'aa, nyuma giza, kivuli kikali ukutani, ni kazi ya flashi iliyo karibu na lenzi na mtu aliyesimama hatua mbili tatu mbele yake. Karibu kamera yoyote ndogo yenye flashi nzima inaipata. Hata ya kutupa.

Kitu kingine kisichosemwa kwenye video za sekunde 30 ni kwamba kamera hizi ndogo ni za umeme mtupu. Mlango wa Lamu wa kuchongwa ukipasuka, yupo fundi atakayechonga kipande kingine. Utepe wa nyaya ndani ya kamera ya mwaka 1990 ukikatika, kiwanda cha kutengeneza mwingine hakipo, na fundi anabaki kuchinja kamera moja mbovu ili kuponya nyingine. Ukiilipia kamera kama hiyo bei ya pikipiki, ujue unanunua kitu ambacho siku yoyote kinaweza kugoma, na hakuna wa kumlaumu.

Wenye viwanda nao wameusikia mvumo. Leica iliirudisha sokoni M6 mwaka 2022. Pentax ikatoa kamera mpya kabisa, Pentax 17, mwaka 2024 kwa takriban dola 500. Hiyo inapiga nusu ya nafasi ya kawaida, hivyo mkanda wa picha 36 unatoa 72. Kwa mwenye fedha ya Contax, mimi ningemwelekeza huko bila kusita: ina dhamana, na vipuri vyake vinatengenezwa leo.

Lamu yenyewe imewahi kuwa na staa wake wa picha. Omar Said Bakor alikuwa na studio mjini tangu miaka ya 1960, akakata picha kwa mkasi, akaziunganisha, akatengeneza vitu ambavyo hadi leo watafiti wa picha wanaviandikia. Kilichomtambulisha ni mikono yake, si jina lililochapwa kwenye kamera.

Mambo matatu yanayosemwa sana

"Rangi nzuri inatoka kwenye kamera." La. Kamera ni boksi lenye giza. Rangi inatoka kwenye aina ya mkanda, mwanga uliokuwapo, namna ulivyosafishwa na namna ulivyopitishwa kwenye skana. Kodak Gold 200 inaegemea rangi ya joto, yenye umanjano. Portra 400 ni tulivu zaidi na inaipenda ngozi. Ilford HP5 ni nyeusi na nyeupe. Weka Gold kwenye kamera ya bei ya juu na kwenye ya bei ya chini, piga ukuta ule ule saa ile ile, na wengi hawatazitofautisha wakizitazama kwenye simu. Lenzi ina mchango wake, hasa kwenye ukali wa pembe za picha na namna inavyostahimili jua la mbele, lakini mchango huo hautoshi kueleza tofauti ya bei mara kumi.

"Picha za filamu hazihaririwi." Zinahaririwa, ila na mtu mwingine. Negativu ya rangi imefunikwa na rangi ya chungwa na iko kinyume. Ili iwe picha, skana au mtu aliyekaa nyuma yake lazima aamue nyeupe iwe nyeupe ipi. Mkanda mmoja ukipita maabara mbili unaweza kurudi na njano kwa huku na buluu kwa kule. Ukiona picha zako zimetoka za kijani, usiilaumu kamera kabla hujaomba skani nyingine.

Na hapa lipo jambo la kale linalotuhusu sisi moja kwa moja. Tangu miaka ya 1950 maabara nyingi zilikuwa zikirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, na sura iliyokuwa kwenye kadi hizo ilikuwa ya mwanamke mweupe. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo, ndiyo maana kwenye albamu nyingi za nyumbani watu wanaonekana meno na macho tu. Filamu za leo ni bora mno kuliko hizo, lakini dawa ya kwanza bado ni ile ile: mpe mtu mweusi mwanga wa kutosha.

"Mkanda uliopitwa na tarehe una sanaa yake." Wakati mwingine. Kanuni ya wapigaji ni kuongeza hatua moja ya mwanga (kila hatua inauzidisha mara mbili) kwa kila miaka kumi tangu tarehe iliyoandikwa, yaani mkanda wa 200 uliopitwa miaka kumi uupige kana kwamba ni wa 100. Kanuni hiyo inachukulia kwamba ulihifadhiwa mahali pa baridi. Mkanda uliokaa kwenye rafu ya duka la pwani kwa miaka kumi haukuhifadhiwa, uliokwa. Utapata ukungu wa kahawia na rangi zilizokufa. Usiupigie harusi ya mtu.

Kwa nini filamu na Lamu zinaelewana

Ipo sababu ya kweli ya kuipenda filamu, na ukitaka kuiona simama kwenye kichochoro cha Lamu saa nne asubuhi. Upande mmoja jua linapiga ukuta uliopakwa chokaa, upande wa pili daka, kile kibaraza cha mlangoni, limekaa kwenye giza la ubaridi. Simu inapiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja, inazichanganya, inaunyanyua weusi wa daka na kuushusha weupe wa ukuta, na unabaki na kichochoro ambacho kila kitu kinaonekana ila hakina kina. Negativu ya rangi haifanyi hivyo. Ukuta unaendelea kuwa mweupe sana lakini unayeyuka polepole badala ya kukatika kama karatasi iliyotobolewa, na kivuli kinabaki kivuli.

Namba zake ni hizi. Kwenye jua wazi, tundu f/16 na shata iliyo karibu na namba ya ISO: mkanda wa 200, shata 1/250. Kwenye mchanga wa Shela au mbele ya ukuta mpya wa chokaa, ambapo mwanga unarudi kutoka chini na pembeni, funga hadi f/22. Mawingu mazito, f/5.6. Kivuli kilicho wazi juu, f/4. Ndani kabisa ya kichochoro, f/2.8, na pengine ushuke hadi 1/125. Ukilinganisha jua na kivuli cha kawaida, f/16 na f/4, hizo ni hatua nne, maana yake mwanga umepungua mara 16 kwa kupiga kona moja tu. Ukisahau kubadilisha, picha ya kichochoroni imekwenda.

Ukikosa uhakika, egemea kwenye mwanga mwingi. Negativu ya rangi inavumilia hatua mbili za ziada, hata tatu, bila kulalamika. Ikipungukiwa hatua moja, vivuli vinaanza kuwa tope. Kwa hiyo pima kivulini, kisha piga. (Slaidi, filamu inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, ni kinyume chake, na kwa anayeanza hapa pwani sioni sababu ya kuigusa.)

Kipima mwanga cha kamera kina ujinga wake mmoja: kinaamini kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Kielekeze kwenye ukuta wa chokaa, kitadhani mwanga umezidi, kitapunguza, na aliyesimama mbele ya ukuta atatoka mweusi tii. Kielekeze kwenye buibui kitafanya kinyume. Tiba ni rahisi. Weka kiganja chako kwenye mwanga ule ule unaompiga unayempiga picha, pima kiganja, ongeza hatua moja, kisha usibadilishe tena hadi mwanga ubadilike.

Na omba ruhusa. Mji wa kale si jukwaa, watu wanaishi humo. Wapo wasiopenda kabisa kupigwa picha, hasa akina mama, na kamera ya filamu haina kitufe cha kufuta ukiambiwa ufute.

Kabla hujatoa fedha

Anza na chumba cha betri. Poda nyeupe au ya kijani maana yake betri ilivuja. Ikiwa ni kidogo, pamba yenye siki au maji ya ndimu inaiondoa, kisha unafuta kwa spiriti na kuacha pakauke. Ikiwa nyaya zimeliwa, iache. Angalia pia aina ya betri. Contax T2 na mju II zinatumia CR123A. Canon AE-1 inataka ya volti 6, na bila betri haipigi kabisa. Kamera nyingine za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo haziuzwi tena. Ukiweka ya volti 1.5 kamera itafanya kazi lakini kipimo kinaweza kudanganya.

Fungua mgongo ukiwa umeshahakikisha hamna mkanda ndani. Weka shata kwenye sekunde 1, bonyeza, hesabu. Shuka kwenye nusu sekunde, robo, endelea hadi 1/1000. Kila namba lazima isikike fupi kuliko iliyotangulia. Ikikaa wazi au ikisuasua kwenye kasi za polepole, mafuta ya ndani yamekauka na inataka fundi. Kasi za juu zielekeze dirishani na uchungulie kutoka nyuma: lazima uone mmweko wa mwanga kila mara. Ukiona giza, shata haifunguki kitu.

Lenzi ifungue tundu lake lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Ukungu wa maziwa unaotanda kote ni mbaya zaidi, kwa sababu unapunguza ukali wa kila picha, hasa ukilikabili jua. Majani ya chuma yanayolifunga tundu yawe makavu. Yakiwa na mafuta yanachelewa, na picha zinazidi mwanga.

Kisha pitisha kidole kwenye mfereji ambamo mlango wa nyuma unafungia. Zamani waliweka sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Baada ya miaka thelathini sponji inageuka lami, na joto la huku halisaidii. Kidole kikitoka cheusi na kinanata, tarajia mistari ya chungwa na nyekundu kwenye picha. Hili lisikutishe, litumie kupunguza bei. Unaikwangua kwa kijiti cha meno na spiriti, kisha unabandika sponji mpya ya milimita moja na nusu au mbili, au unalaza uzi mweusi wa sufi ndani ya mfereji. Ni kazi ya saa moja.

Kwa anayeanza, na hasa anayeishi karibu na maji ya chumvi, pendekezo langu ni kamera ya chuma isiyotegemea betri kupiga. Pentax K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na betri yake ni ya kipima mwanga tu. Nikon FM2 ya 1982 nayo ni hivyo, na shata yake inafika 1/4000. Hakuna staa aliyeifanya K1000 iwe lulu. Hiyo ni faida kwako.

Ukiweka mkanda, kosa linaloua picha nyingi kuliko yote ni ulimi wa mkanda kutoshika. Usifunge mlango hadi uone meno yameingia kwenye matundu ya pande zote mbili. Funga, zungusha kitasa cha kurudishia taratibu hadi kikaze, halafu vuta mkono wa kusogezea. Kitasa hicho lazima kizunguke kila unaposogeza. Kisipozunguka, mkanda haujasogea, na utapiga picha 36 za hewa. Ukifika mwisho, bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera na urudishe mkanda wote ndani ya kikopo kabla ya kufungua mgongo. Mwenye mju II akumbuke kwamba kila akifunga kifuniko chake, flashi inarudi kwenye kujiwasha yenyewe, na mpangilio aliouweka umefutika.

Chumvi, kuvu na joto

Kuvu ya lenzi hustawi unyevu wa hewa unapokuwa juu ya asilimia 60 au 70, nasi hapa Lamu na Malindi tunaishi humo, masika ndiyo usiseme. Jambo baya kuliko yote ni kuifungia kamera kwenye mkoba wake wa ngozi na kuiweka kabatini, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuulisha kuvu. Iweke kwenye chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu. Silika ikibadilika rangi imeshiba, ioke taratibu kwenye joto la nyuzi 120 kwa saa moja au mbili na itafaa tena. Mchele ambao watu hushauriana ni mzuri kwa biriani. Kwenye kamera huacha unga.

Baada ya siku ya mashua au upepo wa kusi, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji matamu, kisha kikavu. Chembe za mchanga kwenye lenzi zipulizwe kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta chochote, la sivyo unasugua kioo kwa msasa. Na itumie. Kamera inayotoka juani kila wiki haioti kuvu kirahisi.

Mikanda iweke kwenye friji ikiwa bado haijafunguliwa. Ukiitoa, iache saa moja au mbili ipate joto la chumbani ndipo uifungue, vinginevyo maji yatatanda juu yake kama kwenye chupa ya soda. Lenzi inayotoka kwenye chumba cha hewa baridi nayo inalowa ukungu hivyo hivyo. Ngoja uondoke wenyewe. Mkanda ukishapigwa usiuache kwenye gari au dirishani. Joto linauendea hata baada ya picha kuingia.

Mahali pa kuosha

Kabla ya kununua kamera, uliza mkanda utasafishiwa wapi. Mashine za rangi zilizokuwa zimetapakaa mijini enzi za studio zimepungua sana, na huenda ukalazimika kuutuma mbali. Ukisafiri nao kwa ndege kutoka Manda au Malindi, weka kwenye begi la mkononi na uombe ukaguliwe kwa mkono. Mashine za kawaida za eksirei haziumizi sana mkanda wa chini ya ISO 800 ukipita mara chache, lakini skana mpya za CT zinaweza kuuharibu mkanda wowote usiosafishwa, na begi la mizigo ndilo hatari kuliko yote.

Nyeusi na nyeupe unaweza kusafisha nyumbani, kwa tangi dogo lisilopitisha mwanga na dawa mbili. HP5 kwenye dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji ya kuizimua inahitaji dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Shida yetu ni kwamba maji ya bomba huku yana nyuzi 28 au zaidi. Ukiyatumia hivyo hivyo, muda unakuwa mfupi mno na mkanda unatoka na mabaka. Tia barafu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, uzamishe kwenye beseni lililozunguka chupa za dawa, na usubiri hadi kipimajoto kishuke angalau mpaka 24. Hapo muda ni dakika 5 na ushei. Dawa ya kukaza, ile ya mwisho, dakika 5. Suuza ya mwisho isiwe ya maji ya kisima yenye chumvi, yataacha madoa meupe yasiyotoka. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa, au yale maji safi ya kuongezea betri za magari (maji, si asidi).

Ukituma maabara, omba negativu zirudishwe, kwa maandishi, siku unapopeleka. Wateja wengi wa leo wanataka faili tu kwenye simu, na zipo maabara zinazozitupa negativu baada ya muda. Zikirudi, zikate sita sita, uzitie kwenye karatasi zake za kuhifadhia, andika tarehe na mahali, na uziweke kwenye kile kile chombo chenye silika, pembeni ya kamera.